Mikono Miwili ya Kushoto

Mikono miwili ya blauzi ilikuwa imelala mezani, yote imeelekea upande mmoja kama watu walio kwenye foleni. Mwalimu wa ushonaji akageuza mmoja. Maua ya kitambaa yakajificha, ukabaki upande wa ndani uliopauka. Akaurudisha. Amekata mikono yote miwili ya kushoto, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Na hiyo ndiyo blauzi ya darasa, inayosubiriwa kwenye maonyesho ya chuo kesho asubuhi. Kitambaa kingine cha maua yale hakikuwepo.

Darasa lilikuwa kimya. Kimya hicho alikijenga mwenyewe. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko baadhi ya wanafunzi wake, akaogopa kupandwa kichwani; basi tangu siku ya kwanza kila aliposikia sauti aligonga meza kwa rula. Alijua kwamba wakiwa peke yao walimwita Rula. Jina hilo lilimvimbisha kichwa.

"Mlikuwa mnaona?" aliuliza.

Vichwa viliinama juu ya cherehani.

"Kasuku, wewe?"

Kasuku, msichana aliyebandikwa jina hilo kabla ulimi wake haujakutana na rula, alijikuna shingo. "Tuliona, Mwalimu."

"Mkanyamaza?"

"Tulidhani unatutega. Halafu… rula ilikuwa karibu."

Mama mmoja wa makamo, ambaye darasa zima lilimwita Shangazi, aliziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kikampenya vidoleni.

Hasira ilimpanda Mwalimu, ikakosa pa kwenda. Amkasirikie nani? Darasa zima lilimtazama akitumbukia shimoni, asipatikane hata mmoja wa kumwambia angalia mbele. Hii ndiyo heshima aliyokuwa akiilinda kwa jino na ukucha?

"Nimekosea," akasema. Neno lenyewe lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. "Tufanyeje?"

Shangazi akainuka, akaokota mabaki chini ya meza. "Mwanangu… samahani, Mwalimu. Vipande hivi viwili tukiviunga, mkono wa kulia unatoka. Mshono tuulaze kwapani. Nani atamwinua mwenzake kwapa achungulie?"

"Mkuu wa chuo!" Kasuku akadakia.

Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu naye hakujiweza. Akamkabidhi Shangazi chaki. Muda si muda akajikuta ameshika pembe ya kitambaa, akiamriwa, "Vuta kidogo. Legeza. Hapo hapo, usitikisike!" Rula nayo, siku hiyo, ikafanya kazi ya kupimia.

Blauzi ilitundikwa kwenye maonyesho, na hakuna aliyeichungulia kwapa.

Wiki iliyofuata Mwalimu alitandaza kitambaa kipya, akalaza juu yake karatasi ya kukatia mkono, akafungua mkasi. Kabla haujauma, akaushikilia hewani, akalitazama darasa.

"Mwalimu," ikasema sauti kutoka nyuma, ya kijana ambaye tangu ajiunge hakuna aliyewahi kuisikia. "Ngoja kwanza."

Akangoja.