Mafuta Hayakuwa na Kosa

Felix alipolileta gari lake Tarime kwa Pasaka, hata kuku wa mtaani kwao Nyamisangura walijua. Lilikuwa gari la Kijerumani, jeusi, injini ya V8 isiyo na turbo, viti vya ngozi, na mngurumo alioupenda kuliko kwaya ya kanisani kwao. Dar es Salaam ukikanyaga mafuta tu, mgongo unagandamana na kiti. Sifa hiyo aliwatangazia binamu zake kabla hawajapanda.

Walipopanda, wakaaibika wote. Kwenye mlima wa nje ya mji Felix alikanyaga mpaka mwisho, gari likanguruma sana na kwenda kidogo. Fuso la ndizi likabaki mbele yao mlima mzima, na bodaboda aliyebeba abiria wawili akawapita wote. Binamu mmoja akauliza kwa upole kama V8 ni jina tu. Felix akacheka, lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Mwenye aibu hutafuta wa kumtwika. Asubuhi ile Felix alikuwa amejaza petroli kwenye sheli ya mzee Waitara, rika la marehemu baba yake, na aliyeshika pampu alikuwa Gati, mpwa wa mzee. Basi akarudi pale na, mbele ya foleni ya bodaboda, akasema mafuta yamechakachuliwa. Gati akaapa kwamba hakutia hata tone la mafuta ya taa. Felix akamjibu kwamba gari halijui kusema uongo.

Ulimi hauna mfupa. Bodaboda wakageuza pikipiki zao mmoja mmoja, na mji ukasema lisemwalo lipo. Mzee Waitara hakubishana. Felix ni mtu wa magari, alisema, hawezi kukosea. Kama kuna mchezo, umechezwa na mshika pampu. Akamfukuza Gati, damu yake mwenyewe, kisha akampelekea Felix beberu wa kuomba radhi. Felix akamla. Alisifia hata figo.

Wiki iliyofuata tanki lilikaribia kukauka akiwa Musoma, akajaza huko kwenye sheli kubwa, kisha akarudi kuupanda mlima uleule. Gari likanguruma vilevile, likajikokota vilevile. Akampigia Joram, fundi wake wa Dar, amlalamikie. Joram alimuuliza yuko wapi, na aliposikia ni Tarime akacheka.

"Bosi, huko juu hewa ni nyepesi, na injini yako haina turbo ya kuisaidia kuvuta hewa. Gari ni zima. Limekosa pumzi tu."

Felix alizima injini kando ya barabara. Akamkumbuka beberu aliyemla na figo alizozisifia. Tena akakumbuka kwamba yule bodaboda aliyewapita naye alijaza kwenye pampu ileile asubuhi ileile. Alikuwa amemwona. Hata wakati Gati anaapa, shaka ilikuwa imeshamwingia, akainyamazisha kwa sababu binamu zake walikuwa wanamtazama.

Alikwenda kwa mzee Waitara, wakaingia chumba cha ndani, akafunga mlango kabla ya kusema shikamoo. Alieleza kila kitu kwa sauti ya chini.

"Mbuzi wangu umemla, hilo litapita," mzee alisema. "Lakini mtoto wa dada yangu aliniapia, nikaliamini gari lako. Nenda kwake."

Gati alikuwa kijijini Nyanungu, kwenye shamba la mama yake lililo juu ya barabara. Felix aliacha gari chini akapanda kwa miguu, na kabla hajafika nusu alikuwa anahema. Gati aliacha kupalilia akamtazama. Felix akaeleza habari za hewa, za mlima na za kosa lake, akaomba msamaha.

"Kaka Felix," Gati akasema, "uliponichafua palikuwa na watu. Hapa yapo mahindi tu."

Felix akamwomba waende wote sheli. Gati akachukua jembe lake, akashuka nalo mpaka garini na kuketi kiti cha mbele, jembe mapajani, udongo ukidondoka kwenye ngozi. Mteremko mzima Felix aliona gari linakwenda mbio kuliko alivyotaka.

Pale sheli walikuta watu wawili tu, wamejibanza kivulini wakicheza drafti. Felix akashukuru moyoni kwamba ni wachache, kisha akajionea haya kwa kushukuru. Akashika kitasa ashuke.

"Siku ile walikuwa wengi," Gati akasema, bila kugeuka. "Tutasubiri wajae."

Wakasubiri. Pikipiki zilipita barabarani, nyingi, wala hakuna iliyopunguza mwendo. Nani angeingia, baada ya yale aliyoyasema? Mwishowe Felix akashuka, akasimama katikati ya barabara, akaanza kuzisimamisha kwa mkono, moja moja.