Jengo ni Zuri Kweli

Siku Benson alipoondoka nyumbani hakumuaga mama yake. Alitia blanketi na viatu kwenye mfuko wa salfeti, akapanda bodaboda iliyokuwa inamngoja njiani. Penina alikuwa anachota maji kwenye pipa. Aliacha kata ikielea, akamwita mwanawe kwa jina. Bodaboda haikusimama.

Walikuwa wamebaki wawili tu katika nyumba ile, nje kidogo ya Mugango. Miezi michache nyuma walikuwa watatu, wakimngoja wa nne. Agness, mke wa Benson, alishikwa na uchungu asubuhi ya mvua. Zahanati ya kijiji ilikuwepo, mpya, ina vigae na bango lenye picha ya mheshimiwa mbunge, ila ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mkunga alikuwa hajaletwa tangu izinduliwe. Wakamkimbiza Musoma kwa gari la kukodi, Penina akiwa amempakata kichwa, na kabla hawajafika mjini Agness alinyamaza. Mtoto naye hakupona.

Kisha ukaja wakati wa kampeni. Mheshimiwa, aliyekuwa anaomba kura tena, alipita kijijini na msafara wake, na nyuma ya msafara alikuwepo mwandishi wa kituo kimoja cha televisheni, kijana mpole aitwaye Hezron. Aliwaomba akina mama waseme chochote kuhusu zahanati. Wengine wakajisogeza pembeni, wakaficha nyuso kwa khanga. Penina akakubali. Alisimama mbele ya lile jengo akasema yote, mpaka jina la Agness, mpaka kufuli. Alipomaliza, Hezron alishusha kamera akamwambia, "Pole sana, mama."

Taarifa ya habari ya jioni ilionekana dukani kwa Omari, ambaye televisheni yake iko juu ya rafu ya sabuni. Benson alikuwa amewaita wenzake waje wamsikilize mama yake. Penina akatokea, amesimama wima, akasema: "Tunashukuru sana. Jengo ni zuri kweli." Basi. Ukaingia wimbo wa kampeni na mheshimiwa akipunga mkono. Baada yake ikaja habari ya wapinzani, fupi kama chafya: mgombea wao kafumba macho utadhani anasinzia, na mbele yake viti vitupu. Mtu mmoja dukani akacheka, akasema Mama Benson naye ameshapewa kitenge chake.

Benson alirudi nyumbani, akasimama mlangoni.

"Mama, ulisema nini pale?"

"Nilisema yote. Nilimtaja mkeo."

"Nimeangalia kwa macho yangu. Hukumtaja."

"Watakuwa wamekata."

"Wakukate, kwani wewe ni kitambaa?"

Kesho yake ndipo alipoondoka. Baadaye Penina akasikia kwa watu kwamba yuko Buhemba, kwenye machimbo ya dhahabu. Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakata yenyewe. Alipiga tena na tena, na siku zilivyopita akajua kwamba mwanawe anaiona ikiita na kuiacha.

Huko ziwani, alikokuwa akianika dagaa na akina mama wenzake, hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walimsalimia, wakamjibu akiuliza, halafu mazungumzo yao yakawa yanaisha yeye akifika. Safina, jirani yake, ambaye walikuwaga wanaazimana mpaka chumvi, alianza kupitia njia ya nyuma. Kanisani benchi lake likawa na nafasi kubwa. Nyumbani aliendelea kusonga ugali wa watu wawili kwa mazoea ya mkono, na asubuhi akawamwagia kuku kiporo. Kuna siku alitambua kwamba tangu kuche hajatoa sauti, akakohoa tu ili aisikie.

Ndipo akamwomba Omari namba ambayo yule mwandishi aliiacha dukani, akaenda Musoma.

Hezron alikuwa amepanga chumba Kitaji, mtaa wa mjini humo. Alimkaribisha, akamwekea chai, akawa hamtazami usoni.

"Nataka yale maneno yangu," Penina akasema. "Yote. Nimpelekee mwanangu."

"Mama, zile picha ni mali ya kituo. Siruhusiwi."

"Basi nionyeshe tu. Nijue kama ni kweli niliyasema. Nimeanza kujitilia shaka."

Hezron akafungua kompyuta. Penina akajiona amesimama mbele ya zahanati, akajisikia akianza kwa shukrani, kisha akifika kwenye mvua, kwenye gari, kwenye kichwa cha Agness mapajani mwake. Hakulia. Aliangalia mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Nani alikata?"

"Mimi sikati. Natuma ilivyo, kule Dar wahariri ndio wanakata. Wakati wa kampeni lawama kwa upande wa mheshimiwa hazipitagi. Na upande wa pili, hata uwanja ukijaa, wanaomba picha za kabla watu hawajafika."

"Na wewe huwa unawaambiaje?"

Hezron alizungusha kikombe chake mezani. "Siwaambiagi kitu, mama."

Penina alikaa tu, mikono imelala mapajani, kama mtu ambaye hana kwingine kwa kwenda, na kweli hakuwa nako. Mwishowe Hezron aliinuka, akatafuta memori kadi kwenye droo, akaihamishia ile video.

"Kwenye simu yako ya kitochi haitafunguka. Simu ya mwanao itafungua. Lakini isisambae, tafadhali. Ikionekana mtandaoni, watajua ni mimi."

"Haitasambaa," Penina akaahidi.

Alipanda basi mpaka Butiama, akashuka, akachukua bodaboda mpaka Buhemba. Alimkuta Benson kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, vumbi limempaka mpaka kope. Alikuwa amekonda. Walisogea mbali na kelele, wakakaa juu ya mawe. Penina hakujieleza. Alimpa kadi tu.

Benson aliangalia video akiwa ameinamia simu. Ilipoisha alipangusa vumbi kwenye kioo.

"Mbona ulianza na kushukuru?"

"Ndivyo nilivyolelewa. Mbele ya wageni huanzi na lawama."

"Hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta."

"Sasa nimejua."

Akairudisha video nyuma, pale mama yake anapotaja jina la Agness. Akaisikiliza hapo tena. Kisha akafuta uso kwa mkono, vumbi likawa tope.

"Naituma kwenye magrupu yote," akasema. "Kijiji kizima wakuombe radhi."

"Hapana. Nimemwahidi yule kijana."

"Unamlinda yeye? Wakati wewe watu wanakuona msaliti?"

"Wewe ndiye niliyekuwa nakuhofia, Benson. Hao wengine nitawaambia mwenyewe kwa mdomo wangu."

Benson akaitoa kadi akamrudishia. Penina akadhani sasa ataenda kuchukua mfuko wake warudi pamoja. Hakwenda.

"Mama, nisamehe. Ila pale nyumbani siwezi. Hata kabla ya ile televisheni nilikuwa siwezi. Nikiingia jikoni namwona." Akainua macho. "Simu nitapokea."

Penina akaitikia kwa kichwa. Kumbe alikuwa amesafiri njia yote ile akiamini kwamba kosa ni la televisheni peke yake. Alirudi peke yake.

Kabla ya uchaguzi mheshimiwa alikuja tena kijijini. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, na Hezron alikuwepo na kamera yake. Wananchi wakakaribishwa kuuliza. Penina akanyoosha mkono. Mshereheshaji alimkumbuka yule mama wa kwenye taarifa ya habari, akampelekea kipaza sauti akitabasamu.

"Mkwe wangu Agness alifia njiani," Penina akaanza, "kwa sababu zahanati yenu ina kufuli."

Tabasamu likaondoka. Aliendelea: mvua, gari, mtoto. Alipofika kwa mkunga asiyekuwepo, kipaza sauti kikazimwa. Akakishusha, akaongeza sauti, akawageukia akina mama waliokaa chini upande wa kushoto.

"Haya ndiyo niliyoyasema siku ile. Wakayakata. Kitenge sikupewa."

Mheshimiwa akasimama, akampa pole, akasema suala la mkunga linafanyiwa kazi. Kisha muziki ukawashwa. Hezron alikuwa bado ameelekeza kamera kwa Penina, hakuishusha mpaka mama yule alipokaa chini.

Jioni Penina hakwenda kwa Omari. Alikuwa mbele ya nyumba yake, alipohamia kuanikia, akikusanya dagaa waliokauka. Safina akaja kwa njia ya mbele, akasimama penye ua.

"Taarifa ya habari imeisha," Safina akasema. "Wameonyesha ngoma tu. Eti wananchi walimpokea kwa shangwe. Wewe hawajakuonyesha hata kivuli."

"Nilijua."

"Lakini sisi tulikuwepo, Mama Benson." Safina akachezea pindo la ushungi wake. Ilionekana ana jingine la kusema, na Penina akalingoja, lakini halikutoka. "Basi ngoja niende, nimeacha chungu motoni."

"Haya. Wasalimie."

Safina akaondoka. Benson angepiga siku yoyote kati ya hizo, au yeye angempigia na angepokea. Walau hilo lilikuwepo. Lakini umande ulikuwa unaanza kushuka na dagaa walikuwa bado chini. Penina akachukua gunia, akaushika mdomo wa gunia upande mmoja kwa mkono na upande wa pili kwa meno, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumshikia, akaanza kuzoa.