Ladha ya Kushiba

Daktari alitafiti homoni inayouambia ubongo wa mtoto kwamba tumbo limejaa. Watoto wachache huzaliwa bila hiyo, wakala bila kushiba. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka sita, ambaye wauguzi walimwita Bibi Mkubwa kwa jinsi alivyozungumza kiutu uzima. Kwao kabati la chakula lilitiwa kufuli, na majirani walimsema mama yake kwamba amemdekeza.

Sindano za majaribio za homoni hiyo zilipoanza, siku moja mtoto aliisukuma sahani. "Nimetosheka, mama. Malizia wewe, umekonda." Mama aliangua kilio palepale mezani.

Kisha kiwanda kikaacha kutengeneza dawa ile, kwa kuwa wagonjwa ni wachache mno. Daktari alibisha hodi kila mahali, akagonga mwamba. Mwishowe alimwita mama ofisini, akamweleza.

"Kwa hiyo njaa itarudi?"

"Itarudi, dada yangu."

"Afadhali zamani, daktari. Hakujua kushiba kukoje."

Nje, Bibi Mkubwa alikuwa akimkatia muuguzi nusu ya biskuti yake, akimhimiza ale, asione haya.