Kijiti cha Ndege Iliyouzwa

Yule rubani aliitwa Bingwa, na jina hilo alijipa mwenyewe, maana ukisubiri watu wakupe unaweza ukazeeka. Alikuwa anarusha kindege cha shamba moja kubwa, kupeleka vipuri na barua, na mara mojamoja ndugu zake. Siku hiyo alimpakia dada yake mkubwa. Na huyo dada, mumewe ndiye fundi wa ndege hiyohiyo. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa Bingwa alikuwa na kijiti. Ee, kijiti, urefu wa mkono. Alikichonga alama enzi za ndege ya zamani, anakitumbukiza kwenye tangi, anakitoa, anatazama kimelowana mpaka wapi, basi, kashapima mafuta. Ile ndege ikauzwa, ikaja mpya, naye akahamia na kijiti chake kama mtu anayehama na mto wake wa kulalia. Tangi la zamani lilikuwa pana kama karai, hili jipya jembamba, limekwenda chini kama ndoo, mafuta kidogo tu yanapanda juu. Jamani, hata mtoto anayecheza na maji anajua karai na ndoo havipimwi kwa kijiti kimoja! Bingwa yeye hakujua. Au alijua, akaona uvivu kuchonga kingine.

Huko juu dada akaona mshale wa mafuta umelala.

"We, huo mshale mbona uko chini hivyo?"

"Umechoka." Akaugonga kwa ukucha. "Mishale inaongopa, dada. Mimi nina kijiti."

"Na ule uwanja pale? Si tushuke tuongeze?"

"Hii si pikipiki ya kusimamasimama. Tazama mawingu."

Dada akatazama mawingu. Haukupita muda injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Na Bingwa, aliyekuwa anaongea kama redio, akanyamaza nayo. Wakatua kwenye shamba la viazi. Nasema wakatua kwa heshima tu. Gurudumu moja lilikwenda zake, mkono wa Bingwa ukavunjika, dada akatoka na nundu usoni.

Msimamizi wa lile shamba kubwa akaja na gari, fundi pembeni yake, mikono bado ina grisi. Bingwa keshapata ulimi.

"Injini imezima! Muulizeni huyo aliyeitengeneza! Kidogo aniue mimi na mkewe!"

Msimamizi akamgeukia fundi. "Kama ni injini, kazi huna. Na popote penye ndege nitawaambia wasikuchukue."

Fundi akajipangusa grisi kwenye suruali. Utasema nini, shemeji yako analia, mkono unaning'inia?

Dada akamtazama mdogo wake. Huyu alimbeba mgongoni tangu mchanga. Huyu alimfichia madirisha aliyovunja, akapigwa yeye. Na leo pia angeweza kunyamaza, mumewe akarudi nyumbani na jina la muuaji.

"Kijiti kiko wapi?" akauliza.

Hakungoja jibu. Akakichomoa nyuma ya kiti, akapanda bawa na gauni lake lile, akafungua tangi, akakizamisha mpaka chini, akakitoa mbele ya wote. Kikavu. Tangi la pili, kikavu.

"Yamevuja," Bingwa akasema.

"Yamevujia wapi? Hivi viazi si vingenuka mafuta?"

"Lakini asubuhi kilionyesha zaidi ya nusu!"

"Kilionyesha nusu ya ndege iliyouzwa, mpumbavu wewe! Hii unayorusha ulishaipima lini?"

Msimamizi akaguna kumwelekea fundi. Ndivyo wakubwa wanavyoomba radhi. Kisha akamwambia Bingwa aache funguo za ndege palepale juu ya kiti.

Dada akashuka, akachana mtandio wake, akamfunga mdogo wake mkono, kijiti kikiwa ndio gango. Akakaza.

"Polepole, dada!"

"Tulia. Tangu kije kwenye ndege hii, leo ndiyo kinafanya kazi."

Na mpaka wanampakia garini, Bingwa bado anaeleza jinsi upepo wa siku ile ulivyokuwa unakula mafuta.