Simu Moja, Jibu Moja

Siku binti wa kaka yake alipoingia na begi jipya, Shangazi alikuwa ameshika pembe mbili za shuka la hoteli. Aliziachia. Shuka jeupe likalala kwenye sakafu yenye maji, na uso wake ukawa wa mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Nilinyamaza makusudi," binti akasema, anacheka mpaka jino la mwisho. "Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtukiza kweli, mwanangu. Pasipoti yako iko wapi?"

"Ameichukua Shemeji. Anasema anaenda kuiandikisha."

Shangazi akakaa juu ya kikapu cha foronya.

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu. Alikuwa msimamizi wa kiwanda kile cha kufulia, mtu wa kwao, anayeongea lugha yao, na kila mwanamke alimwita shemeji kwa ulimi laini kama sabuni. Pasipoti zilizoandikishwa zilikaa kwenye kabati la chuma ofisini, ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Wanawake thelathini na mmoja waliingia kwenye mvuke jua halijachomoza, wakatoka limeshazama, wakapanda ngazi kulala ghorofani, juu ya mashine zilezile. Getini hutoki bila yeye. Ukimuuliza utarudi kwenu lini, hucheka: "Shemeji, umenichoka?"

Binti akafungwa aproni, akawekwa na shangazi yake kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: mnavuta, mnakung'uta, mnaendeana, mwenzako anakupa pembe zake, mnaachana. Kwa kuwa Shemeji hakupenda maneno kazini, wanawake wa pale waliongea pale katikati tu, mikono inapokutana.

"Nani kakwambia uje?"

Wakaachana, wakavuta, wakakutana.

"Si wewe? Kila nikikuuliza kazi ikoje, unasema nzuri."

"Na ukaniamini?"

"Sikukuamini hata kidogo. Wewe jino likikung'oka utasema lipo, limepumzika tu. Nikaangalia kwenye simu."

 Wakavuta, wakakung'uta.

"Kwenye simu wapi?"

"Ile programu ya wafanyakazi walioko nje. Unaandika jina la kampuni, unaona waliomo ndani wanasemaje. Kampuni zote zina nyuso zilizonuna, Shangazi. Hii nyuso thelathini na moja, zote zinacheka. Nikasema, hapa sijakurupuka."

Programu ile Shangazi aliijua. Miezi saba nyuma, watu wa shirika fulani waligawa kadi za kuitangaza sokoni, na kadi moja ikamfikia Shemeji kabla ya kuwafikia wanawake wake. Ilikuwa imetengenezwa kwa nia njema kabisa: hutaji jina, unaweka namba ya simu tu, unabonyeza uso unaocheka au ulionuna, basi. Na ili matajiri wasiijaze uongo, simu moja ilipewa jibu moja kwa mwaka mzima.

Ijumaa ya wiki ile, baada ya chakula, Shemeji aliwapanga foleni. "Toeni simu, shemeji zangu. Watu wanataka kujua kama mna furaha." Akaanza na Shangazi, aliyekuwa mkubwa kuliko wote. "Waonyeshe wadogo zako." Akasimama nyuma yake, karibu, mpaka pumzi yake ikamfika shingoni. Shangazi akabonyeza uso unaocheka. Alijiambia ataenda chooni akabadilishe. Huko chooni simu ikamwambia: asante, umeshajibu. Alipotoka, thelathini waliokuwa nyuma yake walikuwa wameshamfuata.

Haya yote alimweleza binti kipande kwa kipande, mashuka tisa mazima.

"Kwa hiyo ni wewe," binti akasema.

"Wa kwanza ni mimi."

Binti akavuta shuka kwa nguvu, nusura limponyoke Shangazi.

Wakakutana tena. "Simu yako haijajibu," Shangazi akanong'ona. "Shemeji kasema kila mgeni atabonyezeshwa Ijumaa yake ya kwanza. Siku hiyo nitamwita aje kwangu. Wewe bonyeza ukweli."

Ijumaa ikafika. Shemeji akamsimamisha binti karibu na dirisha, akajiweka nyuma yake. Shangazi akaweka shuka chini ya mtambo wa pasi, akaubana, akakunja mikono. Harufu ikatangulia, moshi ukafuata. Shemeji akakimbia.

"We bibi, umekuwa kipofu?" Siku hiyo ushemeji ulimpotea mdomoni. Aliporudi dirishani alikuta simu imeandika asante, akaridhika. Shangazi alihamishiwa kwenye dawa za madoa, zile zinazokula kucha.

Siku ya nne simu ilitetemeka ndani ya aproni ya binti, kwenye chumba cha mashuka machafu, Shangazi akiwa pembeni na dawa zake. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa shirika.

"Dada, tuna majibu thelathini na moja mazuri, na la kwako. Kompyuta imeliweka kando, inadhani una kinyongo. Halionekani kwa watu. Kuna wa kukushuhudia?"

Binti akampa Shangazi simu bila kumtazama.

"Andika," Shangazi akasema. "Uso wa kwanza kucheka ni wangu. Nilidanganya, na wenzangu wakanifuata."

"Kwa nini, mama?"

"Mliniuliza msimamizi akiwa amesimama mgongoni kwangu."

 Upande wa pili zikasikika herufi zikibonyezwa, kisha zikakoma.

"Mama, kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hilo."

"Patengenezeni. Huyu mtoto pasipoti yake iko kabatini."

"Tutakuja. Lazima wakubwa wakubali kwanza."

"Lini?"

Alisema atapiga tena.

Jioni hiyo Shemeji alipita kati ya mashine, mchangamfu, ushemeji umemrudia. "Tandikeni vitanda vitatu. Wageni wanaingia kesho. Mabinti wa siku hizi wajanja, wanachunguza kampuni kwenye simu kabla ya kuja."

Binti alikuwa hana wa kukunja naye. Shangazi akaacha dawa zake, akaokota pembe mbili kwa vidole vilivyochubuka. Wakavuta, wakakung'uta, wakaendeana. Pale katikati Shangazi alisubiri neno, lolote, hata tusi. Binti akamwekea pembe zake mkononi, akageuka kuchukua shuka lingine.