Kagendo Azikwe Wapi

Wachungaji wana akiba ya maneno ya kujifichia, na Mchungaji Nicodemus alikuwa na akiba nono kuliko wengi. Ukimwuliza kama kwaya imeimba vizuri, atakwambia sifa zote ni za Bwana. Ukimwuliza nani mwenye haki kati ya wazee wawili waliogombana, atakwambia tuombeane. Kwa maneno hayo aliliongoza kanisa la mabati la Mokowe miaka mingi bila kumuudhi mtu, na watu wakamwita mpole. Lakini kuna upole ambao ni woga uliovaa kola. Mwenyewe alilijua hilo, hasa asubuhi ile alipokuwa ndani ya boti ya kukodi iliyokuwa ikielekea Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, magoti yake yakigusana na ya Mama Jerioth.

Mama Jerioth alikuwa anakwenda kuchukua mwili wa binti yake.

Yeye ndiye mwenye hoteli ya chapati na maharagwe karibu na gati, na kanisani ndiye nguzo. Mgeni akija analala kwake, mgonjwa akilazwa uji unatoka kwake, na Mchungaji mwenyewe, kabla mkewe hajahamia Mokowe, alikula kwake mpaka kola ikambana. Alitoka Meru akiwa mjane, binti mgongoni. Binti huyo, Kagendo, alisoma akawa mwalimu, akapangiwa shule kisiwani Pate, na huko akaolewa na Abdulwahid, fundi seremala wa mji wa Pate. Ndoa waliiandikisha bomani, kila mtu na dini yake. Jerioth aliimeza kwa shida kama dawa chungu, na kilichomsaidia kuimeza ni kwamba kila mwezi Kagendo alivuka bahari akaja kuketi naye benchi moja Jumapili.

Usiku uliopita presha ya mimba ilimpanda Kagendo ghafla, akakata roho kabla hajafikishwa botini. Yeye na kilichokuwa tumboni. Simu ya alfajiri ilisema hivyo, kisha ikaongeza kwamba amekufa Muislamu na maziko ni baada ya sala ya alasiri.

"Mwanangu hazikwi huko," Jerioth alijibu. "Mwanangu anakwenda kwetu Meru, Nkubu, kulala kando ya baba yake."

Mzee Hudson, mwenyekiti wa wazee wa kanisa na polisi mstaafu, ndiye aliyepanga safari kama operesheni. Blanketi zilikuwa zimekunjwa miguuni pake, gari la kubebea mwili lilikuwa linangoja Mokowe, na nahodha alikuwa ameonywa kwamba lazima waondoke Pate kabla maji hayajapwa. Njia nzima alisema na bahari. Alisema watu wale wanataka kumdhulumu mjane, kwamba habari ya kusilimu imezuliwa maiti bado ana joto, na kwamba bahati nzuri Mchungaji yupo.

"Mchungaji atawaambia," Jerioth akasema. "Yeye ndiye aliyembatiza."

Nicodemus akatazama mikoko. Abdulwahid hakuwa amezua kitu, na kati ya watu wote waliokuwa ndani ya boti ile, ni Mchungaji peke yake aliyejua.

Kagendo alimwendea kabla ya masika. Alimkuta kanisani peke yake anapaka mabenchi vanishi, akaketi kwenye lile lililokwisha kukauka, akasema ametamka shahada. Hakulazimishwa na mtu. Nicodemus alichomoa aya zote alizozikumbuka, akaeleza, akasihi, mwishowe akakasirika, maana ilimuuma kama baba anayekataliwa na mwanawe. Kagendo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba hakuja kushauriwa, amekuja kuaga. Akaomba jambo moja tu: mama asiambiwe na mtu mwingine, atamwambia mwenyewe akipata moyo. Mchungaji akakubali. Siri ya mtu ni amana, na hapo hakukosea. Kosa lake ni kwamba kukubali kulimpa nafuu, kwa sababu kukaa kimya hakukumgharimu chochote, na Jerioth aliendelea kumletea uji.

Kutoka Mtangawanda walipanda bodaboda hadi mjini. Nyumba ya wakwe ilikuwa imejaa. Wanaume waliketi nje kwenye baraza za mawe, vilio vilikuwa ndani. Bi Umulkheir, mama yake Abdulwahid, akamshika Jerioth mkono akamwingiza alikolazwa Kagendo. Hakukaa sana. Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu, na macho yalikuwa ya mtu aliyepigwa kofi.

"Humo ndani wanamlilia Afra," akamwambia Mchungaji. "Afra ni nani? Mimi wangu anaitwa Kagendo."

Nicodemus alilijua jina lile pia. Alitajiwa pale kwenye mabenchi.

Imamu wa msikiti wa mtaa, Bwana Mohdhar, akawakaribisha kwenye baraza na kuwatengea mahali. Alikuwa mtu mzima asiyependa makelele, na ilionekana kwamba usiku hakulala. Hudson alipoanza kutaja sheria na haki za mzazi, imamu alimwacha amalize, kisha akamgeukia Jerioth.

"Bi Jerioth, sisi hatumnyang'anyi mtu mwanawe. Kama alikufa na dini yenu, mchukueni, na vijana wetu watambeba hadi gatini. Kama alikufa Muislamu, mimi sina ndia ya kumtoa. Abdulwahid na mamake wasema alitamka mbele yao. Lakini mashahidi wote ni wa nyumba moya, nawe huwaamini. Sikulaumu."

Abdulwahid alikuwa ameegemea ukuta, shati lake bado lina vumbi la mbao la jana.

"Muulizeni Mchungaji," akasema.

Hudson nusura atabasamu. Aliona kijana amejitia kitanzi mwenyewe. Macho yote ya baraza yakamgeukia Nicodemus, ya Waislamu na ya watu wake, na katika yote hayo aliyoyaogopa ni ya Jerioth, kwa sababu hayakuwa na shaka hata kidogo. Alimtazama kama mtu anayemtazama wakili wake. Nicodemus akaona mambo mawili kwa pamoja: Kagendo ameketi kwenye benchi anaaga, na kanisa la Mokowe bila Jerioth, milango imefungwa, popo wamehamia. Akafungua mdomo, na likatoka lile lililokuwa karibu.

"Mioyo ya wanadamu," akasema, "aijuaye ni Mungu peke yake."

Hudson akasema mmesikia. Bwana Mohdhar akamtazama Mchungaji kwa muda, bila hasira, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Ilipokuwa wazi kwamba haiendelei, akashusha pumzi. Akasema kwamba yeye hataki fitina juu ya jeneza. Shaka imeingia, na penye shaka yeye hamzuii mama kumchukua mwanawe. Basi wamchukue.

Hudson akainuka na blanketi zake. Mmoja wa wazee wa mtaa akaguna akaondoka zake. Ndani kilio kikapanda, habari ilikuwa imefika. Nicodemus alibaki ameketi, akijiambia kwamba hakusema uongo. Na kweli hakusema. Ndio ufundi wenyewe wa maneno yale, yanakupitisha kati ya kweli na uongo bila kugusa ukuta wowote.

Abdulwahid akamsogelea. Wengi walidhani atampiga, na Hudson akasimama katikati kwa mazoea ya kazi.

"Mke wangu alinambia, nikifa kabla sijamwambia mama, Mchungaji atasema," akasema kijana. Sauti yake ilikuwa chini, karibu ya kuomba radhi. "Alisema wewe utasema tu."

Nicodemus akaona aibu kuliko alivyopata kuona aibu maishani. Marehemu alikuwa amemwamini kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Akainuka.

"Mama Jerioth, keti."

"Boti inangoja, Mchungaji."

"Keti, mama. Kagendo alisilimu. Alikuja mwenyewe kuniambia, kanisani, tukiwa wawili. Hakulazimishwa. Jina la Afra alinitajia yeye."

Jerioth hakuketi. Hudson aliangusha blanketi moja na hakuiokota.

"Lini?" Jerioth akauliza.

"Kabla ya masika."

Nicodemus alimwona akihesabu nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, na akajua anakoelekea.

"Pasaka alikaa kando yangu, asishiriki meza ya Bwana," Jerioth akasema. "Nilikuja nikakuuliza mwanangu ana nini. Ulinijibu nini?"

"Nilikwambia tumwombee."

"Nami nikaomba," akasema. "Nikafunga na kufunga."

Hudson akasema kwamba Mchungaji amewauza mchana kweupe, na kwamba wazee wa kanisa watakutana kabla ya Jumapili. Akakusanya blanketi akaenda kungojea gatini. Kama Jerioth angempiga pale, angeshukuru. Lakini Jerioth hakumtazama tena. Alimgeukia imamu, na mara ya kwanza siku ile sauti yake ikakatika.

"Na mimi mamake, kazi yangu sasa ni nini?"

Aliyejibu ni Bi Umulkheir, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote huo.

"Ndani," akasema. "Mai ni tayari. Tutamuosha sote."

Imamu akatazama kanzu yake akaanza kutoa uzi usiokuwepo. Hakukubali wala hakukataza. Jerioth akavua viatu akaingia.

Walikaa humo mpaka karibu na adhana. Nicodemus alibaki kwenye baraza peke yake, ila mtu mmoja alimsogezea kikombe cha kahawa bila kumtazama. Jeneza likatolewa, likapelekwa msikitini, likasaliwa. Lilipoinuliwa kwenda makaburini, Jerioth akatoka nje, mikono ya gauni imelowa hadi kwenye viwiko, akamjia Mchungaji moja kwa moja.

"Wananiambia wanawake hawafiki kaburini."

"Ndiyo desturi yao, mama."

"Kwetu mama hutupa udongo." Akapangusa mikono kwenye gauni polepole. "Wewe ni mwanamume, utaruhusiwa. Katika sisi ulikuwa wa kwanza kujua, basi uwe wa mwisho kumwona. Nenda ukamtupie udongo wangu. Wala usimwombee. Umeshatuombea vya kutosha."

Nicodemus akawafuata. Wanaume walikuwa wakipokezana jeneza, huyu akitoa bega mwingine akitia lake, na alipolikaribia mtu mmoja asiyemjua akachomoka akamwachia nafasi. Lilikuwa jepesi kuliko alivyotarajia. Alitembea nalo kidogo, akapokewa.

Kaburini Abdulwahid alishuka mwenyewe kumlaza mkewe. Zilipokwisha kupangwa mbao na watu kuanza kutupa udongo kwa mikono, Bwana Mohdhar akamfanyia Mchungaji ishara. Nicodemus akainama akajaza kiganja. Maneno yakamjia yenyewe, mavumbi kwa mavumbi, na mengine yanayofuata, yale aliyoyasema juu ya makaburi mengi mpaka ulimi ukayazoea. Akayameza.

"Huu ni wa mamake," akasema kwa sauti ya kusikika, akautupa.

Akajaza tena, akasema vilevile. Watu wakangoja hadi alipomaliza, ndipo wakashika majembe.