Kila Mtu na Kiti Chake

Mradi wetu ulikuwa wa makontena ya betri, yapangwe kando ya kituo cha umeme cha Dikgokong, yahifadhi umeme wa jua mchana na kuurudisha jioni, wakati Afrika Kusini nzima inapowasha majiko. Niliuamini mradi ule, na ningali nauamini. Nilichokikataa ni uzio. Ulichorwa ukate njia ya ng'ombe iendayo kisimani, na kijiji, ambako ndiko kwetu, kilikuwa hakijaridhia.

"Waliridhia," alisema meneja wangu, Rademeyer, tukiwa garini. "Mkutano uliopita nilitamka 'Pula', wote wakaitikia."

"Ulitamka kabla ya kgosi, mkuu wa kijiji, kunena. Kwenye kgotla, baraza letu, mkuu hunena mwisho, na 'Pula' yake, dua ya mvua, ndiyo hufunga shauri. Wale walikuitikia kwa adabu tu, kama mtu anavyomwitikia mgeni aliyepiga chafya."

"Kagisho, leo watu wa benki inayotukopesha watakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ni mtoto wa hapa. Sema ndiyo. Ukishindwa, katafute kazi kwingine."

Katika shule ya bweni iliyonilea, aliyeulizwa alisimama wima akajibu kweli, hata kama fimbo ilikuwa mezani. Sikuona kwa nini mshahara uniinamishe mahali ambapo fimbo ilishindwa.

Barazani, kampuni ilikuwa imefunga turubai na kupanga viti vyeupe vya kukodi. Wanakijiji walivipita bila kuvitazama. Kila mmoja alikuja na chake, kama ilivyo ada. Mma Gaolatlhe, ambaye ng'ombe wake hunywa kisimani pale, aliniona nimesimama karibu na turubai.

"Rra Seokamo, kiti kimekodiwa. Na makalio je?"

Watu wakacheka.

"Makalio bado ni yangu, Mma."

Nilifungua buti la gari, nikatoa kiti cha marehemu baba, cha kamba za ngozi, nilichokuwa nimekipakia alfajiri. Nikakiweka miongoni mwa wanakijiji, nikaketi.

Mama wa benki aliuliza, "Bwana Seokamo, kijiji kimekubali?"

Nikasimama. "Hakijakubali. Kgosi hakuwa amenena. Uzio usogezwe mashariki, kwenye mawe. Kebo itarefuka kidogo. Betri zitafanya kazi ileile."

"Wewe uko upande wa nani?" Rademeyer aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unaona nilipoketi."

Ndipo kgosi akainuka. "Betri tunazitaka. Giza tumelichoka. Lakini njia ya ng'ombe hatuitoi. Pula."

Safari hii itikio lilitikisa turubai. Mama wa benki akamwambia Rademeyer kwamba benki haitatoa kitu mpaka ramani ichorwe upya.

Rademeyer alininyoshea mkono, akataka funguo za gari la kampuni. Nikampa. Kisha nikajitwika kiti cha baba, nikaishika njia ya ng'ombe kuelekea nyumbani, na sikugeuka nyuma.